Tundu na Midomo Yake: Uhakiki wa Istilahi za Kupekecha Mabamba ya Nyuzi za Kaboni

Katika kupitia istilahi zinazopendekezwa, imetufikia karatasi ya kurasa chache ihusuyo kazi ya kutoboa mabamba ya nyuzi za kaboni. Karatasi hiyo haijasanifiwa bado, na mtungaji wake tunamsitiri jina, maana nia yetu si kumwumbua mtu. Ametunga kwa bidii. Kila neno la Kiingereza amelipatia neno la Kiswahili, hakuacha hata moja, na maumbo ya maneno yake hayana makosa makubwa ya sarufi. Hata hivyo tumeisoma mara mbili, na mara zote mbili tumebaki na swali lile lile: fundi akipewa karatasi hii mkononi, na bamba liko mbele yake, atajua kosa liko wapi?

Swali hili si la anasa. Bamba la nyuzi za kaboni aghalabu hutobolewa mwishoni, baada ya kazi yote ya kupanga matabaka, kutia rezini na kuliivisha kwa joto. Tundu likiharibika, kilichoharibika si tundu peke yake, bali ni bamba zima pamoja na siku zote zilizotumika. Wala mabamba haya si mambo ya ng'ambo tu. Tangu Julai 2018, Shirika la Ndege la Tanzania lilipopokea Boeing 787 yake ya kwanza, tunayo ndege ambayo karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni vitu vya namna hii. Na Airbus A220 iliyofuata Desemba ya mwaka huo huo ina mabawa ya nyuzi za kaboni. Ndugu yake wa karibu, faiba ya nyuzi za kioo, ameshafika zamani ufukweni. Pwani ya Lindi, kwa mfano Kilwa Masoko, ambako mwaka 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, si ajabu kumkuta kijana ameinamia boti ya faiba, drili ya umeme mkononi, akitafuta pa kupitishia bolti. Kasoro zinazolipata tundu lake zinafanana sana na zile zinazolipata tundu la bawa la ndege. Tofauti ni bei ya kukosea.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwa kuwa istilahi haihakikiwi hewani.

Bamba la aina hii si kama chuma, ambacho ni kitu kimoja toka juu hata chini. Ni tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka ni nyuzi zilizolazwa upande mmoja, au zilizofumwa kama kitambaa, na matabaka yote yameshikwa na rezini iliyokauka. Nyuzi zina nguvu ajabu zikivutwa kwa urefu wake. Lakini baina ya tabaka na tabaka hakuna uzi unaovuka. Kuna rezini peke yake, na hapo ndipo penye udhaifu. Ncha inapoanza kuuma, makali yanayozunguka huelekea kulivuta tabaka la juu lipande nayo, likabanduka. Inapokaribia kutokea upande wa pili, matabaka yaliyosalia chini ni machache, hayana kinachoyashikilia, na badala ya kukatwa husukumwa nje yakaachana na wenzao. Makali yakiwa butu, nyuzi hazikatiki bali hupinda, hung'oka, au hubaki zimening'inia ukingoni. Nazo nyuzi za kaboni huyala makali upesi mno, ndiyo maana wenye kazi hii hutumia ncha za kabaidi au za almasi. Tena kuna joto: lisipopata njia ya kutoka huilainisha rezini, ilhali nyuzi zenyewe hazijahisi kitu.

Dawa zake zinajulikana. Ncha izunguke kwa kasi lakini izame polepole. Mkono upunguzwe zaidi karibu na kutokea. Nyuma ya bamba uwekwe ubao wa kulishikilia tabaka la mwisho. Ncha ibadilishwe kabla haijawa butu. Mtu aliyewahi kutoboa mbao nyembamba hawezi kushangaa hata moja katika haya, ila labda hiyo almasi.

Sasa tuirudie karatasi. Kitendo chenyewe mtungaji amekiita *kukereza*. Hapa hatuwezi kukubaliana naye hata kidogo. Kukereza ni kazi ya mkereza, ambaye hukizungusha kitu chenyewe na kukishikia chombo kilichotulia, akapata mguu wa kitanda. Katika kazi tunayoizungumzia kitu kimetulia na chombo ndicho kinachozunguka. Mtungaji ameigeuza dunia juu chini, na sababu tunaikisia: kamusi zimeweka mashine mbili hizi karibu karibu, naye akachukua neno la jirani.

Lugha yetu haikukosa neno hata tuazime la mkereza. Tunayo *kutoboa*, tunayo *kuzua*, tunayo *kupekecha*. Na tofauti kati ya la kwanza na la mwisho ni mali kubwa ambayo karatasi imeiacha chini. Kutoboa hutaja tokeo: kilichokuwa kizima sasa kimepitwa. Mwiba hutoboa, msumari hutoboa, panya hutoboa gunia. Kupekecha hutaja njia: kuzungusha kitu chenye ncha huku ukikikandamiza, kama walivyofanya wazee walipopekecha moto. Basi twaweza kusema, bila kutunga lolote jipya, kwamba fundi *anapekecha* tangu ncha inapogusa bamba, na *ametoboa* pale tu inapotokea upande wa pili. Na ule muda mfupi katikati, wakati bado anapekecha na yu karibu kutoboa, ndio muda wa hatari kuliko wote, ambao matabaka ya mwisho husukumwa nje. Maneno mawili ya kawaida yameupambanua. Neno moja la karatasi limeufunika.

Tumesikia pingamizi kwamba kupekecha lina maana nyingine, ya kuchochea fitina baina ya watu, na kwamba halifai katika maandishi ya kitaalamu. Pingamizi hili halituingii. Kuchimba nako kuna maana ya pili, na hakuna aliyewakataza wataalamu wa visima kulitumia.

Jambo la pili ni *shimo*. Karatasi imeliandika neno hili kila mahali palipostahili tundu. Tunakubali kwamba si kila tundu limepenya, maana tundu la ndege halina mlango wa nyuma. Lakini shimo hatulitazamii kamwe liwe na upande wa pili; mtu akisikia shimo hufikiri kina, na hufikiri chini yake. Katika bamba lenye matabaka, tofauti hii ni ya lazima, kwa sababu kuna mahali fundi hutakiwa aishie njiani asipenye. Hapo ndipo shimo liandikwe, na pengine pote liandikwe tundu.

Tufike kwenye chombo. Karatasi inakiita *kitoboleo*, na ile sehemu izungukayo inaiita *mhimilimzunguko*. La kwanza halina ubaya ila halina haja. La pili ni refu kuliko chombo chenyewe. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililiandika neno *keekee*, nayo haikuliandika peke yake. Ilitaja na sehemu zake. Kuna ncha ya chuma. Ncha imekazwa katika mti uzungukao, nao ni *msukano*. Msukano unazunguka ndani ya kishikio cha juu, nacho ni *jivu*. Na kinachouzungusha ni *uta*, ambao kamba yake imeuzinga msukano na huenda na kurudi. Mkono mmoja unakandamiza jivu, mkono wa pili unavuta uta. Sehemu nne, majina manne, na kila jina ni silabi chache. Leo watu wengi wa karakana husema drili, na hatuna ugomvi nao. Neno limekwisha kuingia na linaeleweka. Lakini kwa ile sehemu izungukayo, iwe ya mti au ya chuma, twauliza: mhimilimzunguko unatushinda nini tusiseme msukano?

Mwenye shaka atauliza kama ni haki kuvitwalia vitu vya kiwanda cha ndege majina ya zana za waunda. Hapa hatuna budi kuirejea pwani ya Lindi, maana suala la kutoboa tundu lisilovuja lilianza huko zamani sana.

Wareno walipoingia Kilwa Kisiwani mwezi wa Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida, mmoja wa waliokuwamo katika msafara ule aliandika juu ya vyombo alivyoviona. Alisema kuna vikubwa kama merikebu za tani hamsini, vimevutwa nchi kavu, na kwamba havina msumari hata mmoja: mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Wasomaji wa Lamu watautambua hapo udugu na mtepe. Sasa na tufikiri maana ya kushona chombo cha ukubwa huo. Kila mshono unataka tundu, na kila tundu liko chini ya maji au karibu na maji. Mamia kwa mamia ya matundu, yote yapekechwe karibu na ukingo wa ubao, mahali ambapo ubao hupasuka upesi kuliko penginepo. Kamba ikishapita, tundu huzibwa. Tundu ambalo mdomo wake umechanika halizibiki vema, na chombo hunywa maji. Mtu wa Kilwa wa karne ile hakuwa na kaboni, lakini tatizo la kupekecha kitu chenye nyuzi bila kukipasua alilijua kwa mikono yake.

Misumari ilipochukua nafasi ya kamba, keekee haikuachwa. Muunda hupekecha kwanza, ndipo apigilie, kwa kuwa msumari mrefu ukilazimishwa katika mbao ngumu huipasua. Na msumari wenyewe huzungushiwa pamba iliyochovywa mafuta ili tundu lijae. Kisha chombo hukalafatiwa. Kazi hii yote ina msamiati uliokwisha kupimwa na bahari. Na mbao zikibadilika, msamiati haufi: huko Lamu, jahazi la Flipflopi lililoshushwa majini mwaka 2018 liliundwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kufanywa mbao, likaundwa na mafundi wa jahazi kwa ufundi ule ule wa jahazi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba muunda wa Kilwa Kivinje anajua kutoboa bawa la ndege. Keekee ya uta huzunguka mbele ikarudi nyuma, huzunguka taratibu, na ncha yake ya chuma ingekuwa butu mbele ya kaboni kabla haijafika mbali. Tunachosema ni chepesi zaidi: majina ya sehemu na ya makosa yapo, yamekaa ufukweni, na mtungaji wa istilahi aliyeko mjini amepita bila kuyaamkia.

Kutokuamkia huko ndiko kulikozaa neno baya kuliko yote katika karatasi, nalo ni *ulishaji*. Kwa neno hili mtungaji amekusudia umbali ambao ncha huzama kwa kila mzunguko mmoja. Ametafsiri kwa sababu Kiingereza hutumia neno lile lile linalotumika kwa kumpa mnyama chakula. Kwa Mswahili, kulisha ni kulisha. Fundi akiambiwa apunguze ulishaji atatazama huku na huku amtafute ng'ombe. Ubaya haukuishia katika kichekesho. Karatasi ina *kasi ya mzunguko* na *kasi ya ulishaji*, na mahali pawili imesema tu *kasi*, bila kueleza ni ipi. Katika kazi hii kasi ya kwanza yatakiwa iwe kubwa na ya pili iwe ndogo. Fundi anayesoma kwamba kasi ipunguzwe, akapunguza ya mzunguko na kuacha ya kuzama, atakuwa ametii karatasi na kulibandua bamba. Tunapendekeza neno *kasi* libaki kwa mzunguko peke yake, na kule kuzama kuitwe *mzamo*: mzamo mdogo, mzamo mkubwa, mzamo wa kila mzunguko. Neno ni fupi, linatoka katika kitenzi ambacho hakuna mtu wa pwani asiyekijua, na haliwezi kuchanganywa na kasi.

Kuhusu nguvu inayosukuma ncha chini, karatasi imesema *kani ya msukumo*, na tunaipongeza. Kani limekwisha kukaa katika vitabu vya fizikia, kama lilivyokaa nishati, na hakuna sababu ya kulibomoa.

Tuje kwenye majina ya kasoro, ambako ndiko kwenye uzito. Kuachana kwa matabaka karatasi inakuita *utenganotabaka*. Tumelitamka neno hili mara kadhaa, na kila mara ulimi umejikwaa. Lakini ugumu wa kutamka ungevumilika laiti neno lingesema kitu. Halisemi. Kutengana ni kwa watu wawili wanaoagana, au kwa mume na mke. Hakudokezi kwamba vilikuwa vimegandana. Kitu kilichogandishwa kikiachia, Kiswahili husema *kimebanduka*. Stempu hubanduka katika bahasha, chapati hubanduliwa katika chuma, kidonda hubandukwa na gaga lake. Tena lugha haikuishia hapo. Kitu kikiinuka upande mmoja *kimebenuka*. Kilichofumwa au kushonwa kikiachia *kimefumuka*. Ubao ukipasuka kufuata nyuzi zake *umechanika*. Kila neno lina mahali pake, na mahali hapo hupaonyesha jicho.

Basi na tuyaweke katika tundu. Tundu lililopenya lina midomo miwili. Kuna *mdomo wa kuingilia*, na kuna *mdomo wa kutokea*. Kasoro ya mdomo wa kuingilia ni tabaka la juu kuvutwa likapanda: tuseme *kubenuka*. Kasoro ya mdomo wa kutokea ni matabaka ya chini kusukumwa yakaachia: tuseme *kubanduka*. Sababu zake ni mbalimbali na dawa zake ni mbalimbali. La kuingilia hutazamwa katika umbo la makali na namna yanavyouma. La kutokea hutazamwa katika mzamo, na katika ule ubao wa nyuma, ambao tungeuita *kiegemezo*. Karatasi imeyaweka yote mawili chini ya utenganotabaka, kisha ikaongeza aya nzima ya maelezo ili kuyatenganisha tena. Istilahi inayohitaji aya ya kuiokoa imekwisha kushindwa kazi yake.

Kutokana na midomo hiyo twaweza pia kulihukumu neno *tundu safi*, ambalo mtungaji amelipa nafasi ya heshima kwa kuliweka katika anwani. Safi katika Kiswahili ni kinyume cha chafu. Tundu safi ni tundu lililofutwa vumbi. Fundi mwaminifu atalipuliza, atalipitishia kitambaa, na ataripoti kwamba tundu ni safi, ilhali mdomo wa kutokea umebanduka pande zote. Hatakuwa amesema uongo. Sisi tungesema *tundu zima*, au kwa urefu kidogo, *tundu lenye midomo mizima*. Neno *-zima* hutumika kwa chungu, kwa yai na kwa mtu, likiwa na maana ya kitu kisicho na ufa wala maradhi. Wako watakaosema kwamba tundu haliwezi kuwa zima kwa kuwa lenyewe ni upungufu. Huo ni mchezo wa mantiki; mwenye bamba hana nafasi nao.

Neno la mwisho tutakalolijadili si la kasoro ya bamba bali ni la usalama wa mtu, na kwa hiyo hatuwezi kulipita. Kinachotoka tunduni karatasi inakiita *maranda*. Maranda ni yale yanayotolewa na randa, marefu, yaliyojikunja, ambayo watoto huyachezea na mama huyatia motoni. Chuma kikipekechwa nacho hutoa vipande vinavyofanana nayo, na pengine ndiko mtungaji alikochukua mfano. Lakini bamba la nyuzi za kaboni halitoi maranda. Hutoa *vumbi*, tena vumbi jembamba sana, lenye vipande vya nyuzi vinavyoingia puani na kuwasha ngozi, na ambalo hupitisha umeme hata likaweza kuiharibu mitambo likiingia ndani yake. Kwa maranda mtu hachukui tahadhari, huyafagia jioni. Kwa vumbi hufunga pua, huweka mashine ya kulifyonza, wala hapulizi kwa mdomo. Katika karatasi nzima neno vumbi halimo hata mara moja. Tunamwomba mtungaji alirekebishe hili kabla ya mengine yote, hata kama mapendekezo yetu mengine atayakataa.

Limebaki moja ambalo sisi wenyewe limetushinda. Ni zile nyuzi ambazo hazikukatwa, zikabaki zimesimama ukingoni mwa tundu kama nywele. Karatasi inaziita *nyuzi-salia*, nasi tulijaribu *nyuzi zilizosazwa*, na yote mawili ni maelezo, si majina. Ubao wa mnazi ukipekechwa kwa ncha butu huacha kitu kama hicho hicho, na hatudhani kwamba mafundi wa vyombo wamekaa nacho miaka yote hiyo bila kukipa jina. Wasomaji wetu wa Kivinje, wa Kisiwani, wa Lindi mjini na wa vijiji vya pwani hata Mtwara wenye kulijua, tunawaomba watuandikie, wakitaja neno, mahali linaposemwa, na kama husemwa na waunda peke yao au na watu wote.